Ile ya mbinja

Juzi amekuja dukani nahodha mmoja wa zile mashua za watalii, zile zinazotoka jioni kwenda kuangalia jua likizama, kanitupia memori kadi imechubuka mpaka maandishi yametoka, ati nimuekee ile nyimbo ya mbinja manake kwenye simu imepotea na kesho ana wageni wanane. Nikamuuliza mbinja gani tena bwana, nyimbo zenye mbinja ni nyingi. Basi akaipiga pale pale, mchana kweupe, Langoni hapa Lamu, punda wa mchanga wanapita nyuma yake, na wallahi hakukosea hata pahali pamoja, mpaka ile sehemu ya mwisho inapofifia na yeye akaififisha pole pole halafu akaniangalia kama mtoto aliyemaliza juzuu.

"Mwaka wa sita huu naipiga," akanambia. "Wageni wakinyamaza yajua imewaingia."

"Na yuwaimba nani?"

"Si mzungu mmoja hivi."

Nikaweka bisibisi chini. Simu ya watu iko wazi mezani, skrini kando, lakini kuna mambo mtu huwezi kuyapita.

Si mzungu, nahodha. Yuwaitwa Otis Redding, mweusi kama mimi na wewe, mtu wa Georgia kusini mwa Marekani, babake mkulima na siku nyingine akihubiri kanisani. Mwaka 1967 wakati wa joto alikuwa amekaa kwenye nyumba ya kuelea majini pale Sausalito, ng'ambo ya San Francisco, akaanza kutunga nyimbo ya mtu alokaa gatini hana kazi, aangalia vyombo vikiingia na kutoka basi. Nionesheni mtu wa Lamu asoijua kazi hiyo! Mwaka uleule akapasuliwa koo, akaamriwa asiseme kwa muda, na mimi nikisikiliza naona koo lilirudi limepoa, si lile la kupasua ukuta alilokuwa nalo zamani. Mwisho wa Novemba na siku za mwanzo za Disemba akarekodi Memphis, studio ya Stax, ambayo kabla ya kuwa studio ilikuwa jumba la sinema, na alipofika mwisho wa nyimbo maneno yameisha, akapiga mbinja. Tarehe 10 Disemba ndege yake ndogo ikaanguka ziwa Monona, huko Wisconsin, yeye na vijana wa bendi ya Bar-Kays waliokuwa nao, akasalimika mmoja tu, mpiga tarumbeta. Otis alikuwa na miaka 26. Mwenzake wa gitaa Steve Cropper akabaki na kazi ya kumalizia nyimbo ya marehemu, akatia mawimbi na ndege wa baharini, santuri ikatoka Januari 1968 ikapanda mpaka namba moja, na Marekani haikuwahi kutokea kabla ya hapo nyimbo ya mtu aliyekwisha kufa kufika namba moja. Jina lake (Sittin' On) The Dock of the Bay.

Nahodha kanyamaza. Halafu: "Inna lillahi. Kwahivo miaka sita nawapigia wageni maiti?"

Nikamwambia ndo hivo, na si yeye peke yake, rudi kesho nikuekee na wengine. Usiku nikakaa kuchagua, na kuchagua huko ndo kumenitoa usingizi mpaka naandika hii saa saba usiku na bando linakaribia kuisha. (Mbinja yenyewe nyumbani tulikatazwa, hasa usiku, mamangu akisema yaita nyoka, na ukiuliza nyoka gani huyo atakayepanda ngazi zote hizi mpaka juu wala kofi.)

Sasa haya yote si kwamba nimesoma sana. Nimeyapata kwa mjomba, Mungu amrehemu, alokuwa baharia wa meli kubwa miaka ya sabini akitokea Mombasa. Wenzake wakirudi na saa na marashi na redio, yeye karudi na sanduku la santuri, bibi akamuuliza hizi zaliwa au zavaliwa. Sindano za ile mashine yake zilikuwa hazipatikani huku kwahivo akazihamisha nyimbo zote kwenye kanda kabla hazijakwaruzika, na juu ya kila kanda akaandika majina kwa herufi za Kiarabu, kama walivozoea kuandika wazee wetu, mpaka leo nikiona Sam Cooke imeandikwa kizungu naona kama imekosewa. Santuri zenyewe mtu mmoja alizikopa za harusi Malindi. Harusi imezaa, watoto wameoa, santuri hazijarudi.

Disemba mjomba alikuwa na sikukuu yake ya siku tatu. Tarehe 10 apiga Otis kutwa. Tarehe 11 apiga Sam Cooke. Tarehe 12 ni Jamhuri, hiyo akiiachia serikali. Manake Sam Cooke naye kauawa 11 Disemba, mwaka 1964, kwa risasi kwenye moteli moja Los Angeles, miaka 33 tu, na siku ya pili yake Kenya ikatangazwa jamhuri. Mjomba alikuwa akiyasema haya kwa uzito kabisa, kidole juu, kama mtu anayekupa habari za ukoo.

Na Sam Cooke ndo ningeanza naye kama ningekuwa napanga vizuri. Mtoto wa mhubiri, kazaliwa Clarksdale, Mississippi, kakulia Chicago, bado kijana mdogo kabisa akachukuliwa na kundi la Soul Stirrers, ambalo kwa watu wa gospeli, yaani nyimbo za kanisa, lilikuwa ni jina kubwa, na yeye akaingia na ule uso na ile sauti ya maji ya mtungi, vijana wakaanza kujaa viti vya mbele kanisani. Halafu shetani au riziki, chagua wewe, ikamjia hamu ya kuimba mapenzi. Akaogopa watu wa kanisa, mwaka 1956 akarekodi moja kwa jina la uongo, Dale Cook. Haya jina umebadilisha, na koo je? Koo halivai buibui. Watu wakamjua mara moja. Mwaka wa pili yake akaacha kujificha, akatoa You Send Me kwa jina lake, namba moja nchi nzima.

Hilo la Dale Cook linanichekesha na linaniuma pamoja, kwa sababu nyumbani kwetu lilipita. Mamangu mdogo alikuwa na sauti ya kasida ambayo wanawake wa mtaa mwingine walikuwa wakija kumuomba kwa heshima, maulidi haianzi mpaka afike. Akaombwa aimbe harusini, usiku wa wanawake watupu, nyimbo mbili tu za kinanda, akaimba. Mtu karekodi. Kanda ikatoka nje, haina jina wala picha, ikafika kwenye duka moja la pwani ikapigwa mchana wanaume wamekaa na kahawa zao, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha kila mmoja ashajua ni nani. Mwaka mzima hakualikwa maulidi. Na walomnyima ni walewale walokuwa wakicheza zile nyimbo mbili vyumbani mwao milango imefungwa, hilo nalijua kwa sababu kanda nilikuwa nawarikodia mimi.

Kwahivo mtu akinambia soul, huu muziki wa kina Otis na Sam, ni wa starehe tu namuangalia. Nusu ya hawa watu walikuwa na msikiti wao nyuma, yaani kanisa, waliolitoka huku linawaita kwa jina, na wewe ukisikiliza sawasawa wasikia mtu anayeimba mbele lakini shingo imegeuka. Ray Charles mwaka 1954 alichukua muundo wa nyimbo ya kanisa akaitia mwanamke pahali pa Mungu, wachungaji wakapandwa na hasira, vijana wakapandwa na kitu kingine. Al Green akaenda njia ya pili, mwaka 1976 akanunua kanisa pale Memphis akawa mchungaji wake, mtu alokuwa akitupiwa maua jukwaani. Sisi huku Juma Bhalo wa Malindi, bingwa wa mabingwa, miaka yake ya mwisho akaacha taarabu kwa ajili ya dini, na najua watu walolia siku ile na watu walosema alhamdulillahi, na wengine wamefanya yote mawili siku moja.

Turudi kwa Sam, manake sijamaliza. Kuna kitu chake ambacho watu hawakisherehekei inavotakiwa. Yeye alimiliki nyimbo zake. Alikuwa na kampuni yake ya haki za nyimbo, na mwaka 1961 akafungua na rafiki zake kampuni ya kurekodi, SAR, akawa anarekodi vijana wa gospeli na wa soul. Mwanamuziki mweusi kumiliki kazi yake wakati ule ni kama baharia kumiliki meli. Oktoba 1963 huyohuyo tajiri, mwenye gari la maana, akafika hoteli moja Shreveport, Louisiana, na mkewe, vyumba amevipanga kwa simu, wakamuona rangi wakamwambia hakuna nafasi. Akakataa kuondoka, akapiga kelele mpaka wenzake wakambembeleza, na bado polisi wakamkamata. Baada ya hapo ndo akaandika A Change Is Gonna Come. Aliiimba mara chache sana mbele ya watu. Ilipotoka kwenye santuri ndogo yeye ashazikwa.

Mjomba hiyo hakuwa akiipiga na watu wengi. Yuwangoja watu waondoke dakani.

Haya, mzizi wenyewe wa mambo haya ni bwana mmoja asotajwa sana, Thomas Dorsey. Kazaliwa Georgia mwaka 1899, mtoto wa mhubiri vilevile, lakini ujana wake aliuishi kwenye blues, muziki wa vilabuni, akiitwa Georgia Tom, akimpigia piano mwimbaji Ma Rainey, na mwaka 1928 yeye na mpiga gitaa Tampa Red wakatoa nyimbo ambayo maneno yake siwezi kuyatafsiri hapa manake shangazi zangu wanasoma. Ikauza kweli kweli. Halafu mtu huyohuyo akaanza kutunga nyimbo za Mungu akazitia mwendo uleule wa blues, akazunguka na makaratasi yake kanisa hadi kanisa Chicago. Akafukuzwa. Wachungaji wakasema hii ngoma ya kilabu yatafuta nini madhabahuni. Mwenyewe alikuja kusema ametolewa nje ya makanisa mazuri mazuri.

Sasa hapa watu wa Lamu msinirukie, sifananishi watu, nafananisha lawama tu. Lakini sisi twasahau kwamba matari haya tunayoyapiga mfunguo sita, ambayo watu wanapanda ndege kuja kuyaona, yaliwahi kulaumiwa. Habib Swaleh alipotoka Ngazija akakaa hapa akafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwataka darasani, watu wa nje ya mji wa mawe, na maulidi yake ikasomwa na matari, wapo waliosema hii si adabu, hizi ni ngoma za watumwa zimeingia kwenye sifa za Mtume. Leo nenda msikiti wake wa Riyadha usiku wa maulidi umtafute mwenye kusema hivo, utaumwa miguu. Nami huwa nawaza kuwa kila pahali kuna mtu alosimama mlangoni akasema ngoma hii haiingii, halafu wajukuu zake ndo wamebeba ngoma.

Mwaka 1932 Dorsey alikuwa safarini St. Louis akaletewa simu ya maandishi kwamba mkewe Nettie amefariki akijifungua. Karudi Chicago, na mtoto naye akafa. Akakaa siku hataki piano hataki Mungu. Ilipotoka sauti ikawa ni Precious Lord, nyimbo ya mtu aomba ashikwe mkono, na hiyo nyimbo, nisikilizeni vizuri, imetembea kutoka maiti hadi maiti kama sanda ya waqfu. Martin Luther King aliipenda. Jioni ya 4 Aprili 1968, amesimama kwenye roshani ya moteli Memphis, neno lake katika maneno ya mwisho kabisa ni kumuomba mwanamuziki mmoja alokuwa chini aipige usiku ule, na aipige vizuri. Risasi ikamkuta. Kwenye maziko yake akaiimba Mahalia Jackson. Januari 1972 Mahalia naye kafa, na kwenye maziko yake Chicago akaiimba Aretha Franklin.

Mahalia peke yake ni blogu nzima. Mtoto wa New Orleans, kafika Chicago msichana, kafua nguo za watu, kafanya kazi hotelini, akafungua saluni, na muda wote huo watu wanamfuata na mabunda ya pesa aimbe blues, hataki. Hataki! Akatembea na Dorsey akiziimba zile nyimbo zilizofukuzwa mpaka zikakubaliwa. Na tarehe 28 Agosti 1963 kwenye yale maandamano ya Washington ndo yeye, kama walivosimulia walokuwa karibu, aliyempigia King kelele kwa nyuma awaambie watu ile ndoto, King akaiacha karatasi. Yaani hotuba inayosomeshwa dunia nzima ina muitikiaji wake, kama kasida.

Aretha sasa. Aretha niliwahi kumpigia mamangu, na si kwa kukusudia. Nlikuwa nasafisha sauti za kanda moja ya mjomba niingize kwa kompyuta, na kwenye kanda ile kuna Precious Lord aliyoirekodi Aretha mwaka 1956 kwenye kanisa la babake Detroit, yuko na miaka 14, piano na watu wa kanisa wanaitikia. Mamangu alikuwa jikoni anachoma mahamri. Akaja mpaka mlangoni, kijiko mkononi mafuta yadondoka, akasikiliza kama dakika mbili, Kiingereza hajui hata kidogo.

"Mtoto wa maalim huyu?"

Nikashangaa. Nikamuuliza umejuaje mama.

"Haogopi," akasema. "Mtoto alofundishwa nyumbani kwao haogopi kulivuta neno, ajua babake yupo karibu atamrudisha. Na hao wanaoitikia wamemjua toka mdogo." Akarudi kwa mahamri yake, mawili yashaungua, nikalaumiwa mimi.

Na kweli ni mtoto wa maalim, babake C.L. Franklin alikuwa mhubiri ambaye mahubiri yake yalikuwa yakiuzwa kwenye santuri kama nyimbo, nyumbani kwao wakiingia na kutoka kina Mahalia na Sam Cooke, mtoto akiamka asubuhi awakuta sebuleni. Mamake alikuwa ameondoka nyumbani Aretha akiwa na miaka sita, akafa kabla mtoto hajafika kumi. Mama hakulisikia hilo manake sikumwambia, lakini nadhani alilisikia.

Mwaka 1960 akachukuliwa na kampuni ya Columbia, wakamvalisha nyimbo za mabibi wa hotelini miaka sita, nzuri nzuri, hazina joto. Kampuni ya Atlantic walipompata, mwanzo wa 1967 mtayarishaji wao Jerry Wexler akampeleka Muscle Shoals, kijiji tu Alabama, akafanya jambo moja ambalo ungesema ni la kawaida: akamkalisha kwenye piano apige mwenyewe. Basi. Nyimbo moja ikatoka pale, ugomvi ukazuka wa wanaume, wakaondoka haraka haraka, kazi ikaenda kumalizwa New York. Tarehe 14 Februari akarekodi Respect, ambayo ni ya nani? Ya Otis! Yule yule wa mbinja, aliitoa 1965, ni mwanamume aliyerudi kazini adai heshima yake nyumbani. Aretha na dada zake wakaigeuza, mwanamke ndo adai, wakaongeza na kulitaja neno herufi kwa herufi, jambo ambalo kwa Otis halikuwepo kabisa. Otis mwenyewe jukwaani kwenye tamasha la Monterey mwaka uleule akatania kwamba kuna msichana kamnyang'anya nyimbo. Na mimi nasema kanyang'anywa kihalali, toleo la Otis nalipenda lakini likiisha nakumbuka la Aretha.

Mwaka 1972, Januari, yuko juu kabisa, tajiri, malkia, akarudi kanisani, kanisa la mtaani Los Angeles si la fahari, siku mbili, na mwimbaji wa gospeli James Cleveland na kwaya yake, watu wamebanana wanajipepea. Ikatoka Amazing Grace, na katika santuri zake zote hakuna iliyouza zaidi ya hiyo. Filamu ilipigwa siku zile lakini sauti na picha hazikuungana manake walisahau kupiga kile kibao cha kuanzia, ikakaa stoo zaidi ya miaka arubaini. Ilipoonyeshwa yeye ashakufa, Agosti 2018. Wiki mbili tu baada ya usiku zile mbili za kanisani ndo kafa Mahalia. Mimi huwa sipendi kuona ishara kwenye kila kitu kama mjomba, lakini hiyo yanitoa jasho.

Wengine nlowaweka kwa nahodha haraka haraka. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke wa kanisa na gitaa la umeme kabla wanaume wa rock hawajajua wapi pa kuchomeka waya, huyo mwaka 1951 alifanya harusi yake uwanja wa mpira Washington kwa tiketi, watu 20,000 hivi wakalipa, baada ya nikaha akapiga gitaa na gauni la harusi, na inasemekana mkataba wa harusi ulisainiwa kabla bwana harusi hajapatikana. Nikasoma hiyo nikafikiria gharama za harusi za Lamu, nikasema hawa wenzetu walishapata dawa. Motown, kampuni ya nyimbo ya Berry Gordy, alokopa dola 800 kwa familia yake mwaka 1959, alokuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari akafanya nyumba moja ya Detroit kuwa kiwanda cha nyimbo, kina Stevie Wonder, Marvin Gaye, Supremes. Lakini mimi Motown namsikiliza James Jamerson, mpiga besi, kidole kimoja tu, na miaka na miaka jina lake halikuandikwa kwenye santuri hata moja mpaka 1971. Mjomba aligeuza makava yale juu chini amtafute. James Brown namheshimu kwa miguu zaidi ya koo, samahanini. Whitney Houston nimeweka, manake ukikosa kumuweka Whitney wageni watauliza, naye ni kwaya ya kanisa vilevile, Newark, mamake Cissy akimsimamia. Michael Jackson sikuweka, kila simu inakuja naye.

Wa mwisho nilomuweka ni Bill Withers, na huyu nimemuweka kwa ajili ya mjomba. Kati ya wote ndo alompenda hasa, kwa sababu alikuwa baharia. Kweli, miaka tisa jeshi la majini. Mtoto wa Slab Fork, West Virginia, kijiji cha machimbo ya makaa, kigugumizi mpaka mtu mzima, ametoka jeshini akaenda Los Angeles akawa anatengeneza vyoo vya ndege kiwandani. Vyoo! Umri ushapita miaka 30 na bado hajatoa santuri ya maana. Booker T. Jones akamrekodi, na picha ya juu ya ile santuri ya 1971 wamempigia kazini kwake, wakati wa chakula, kasimama na kisanduku chake cha chakula mkononi, na kazi hakuikimbilia kuiacha, hakuwaamini watu wa muziki. Mwaka 1974 alikuja Kinshasa kwenye lile tamasha la kabla ya ngumi za Ali na Foreman, pamoja na kina James Brown na B.B. King na Miriam Makeba. Halafu mwaka 1985 akatoa ya mwisho akanyamaza, akarudi nyumbani kulea watoto, alipoulizwa atarudi lini hakuwa na haraka. Kafa Machi 2020 na sisi tumefungiwa majumbani na korona, mjomba alikuwa yupo bado, tukakaa dakani kila mtu na barakoa yake.

Kwenye Ain't No Sunshine kuna pahali maneno yalimuishia, akaweka "najua" moja juu ya nyingine akikusudia kuja kuandika ubeti, wenzake studio wakamwambia wacha hivohivo. Mjomba aliapa ni mara 26 na alizihesabu kwa tasbihi. Tasbihi ya mamangu. Siku alipokamatwa alifukuzwa mpaka ngazini.

Basi nahodha karudi jana kama tulivokubaliana, kachukua kadi yake, kanipa mia, halafu akasema panda na wewe. Nikafunga duka. Wageni wanane, maji yamejaa, mashini kaizima tumeshapita Shela, jua laondoka. Nikamwambia weka ya Withers, akaniuliza yasemaje, nikamwambia yasema jua hakuna. Akaangalia magharibi, akaona ina maana, akaweka.

Tulihesabu wote wawili kimya kimya. Nahodha kapata 25. Mimi 26. Bibi mmoja wa kizungu mbele kule, kumbe naye alikuwa akihesabu kwa vidole, kapata 24. Ikabidi irudishwe mwanzo.